Maswali yenu kuhusu kutengeneza suti ya Master Chief nyumbani

Siku hizi meseji zinazoingia kwa wingi kwenye safu hii ni za kosplei, yaani kuvaa kama mhusika wa gemu au filamu, na wengi wenu mnataka kitu kimoja tu, ile suti ya kijani yenye kioo cha dhahabu ya Master Chief wa gemu ya Halo. Nawaelewa kabisa. Gemu yenyewe ilitoka 2001, ikatengenezwa na Bungie kwa ajili ya Xbox ya kwanza, na mpaka leo hiyo suti, ambayo kwenye gemu inaitwa MJOLNIR, ukiiona imevaliwa na mtu wa kweli mbele yako lazima usimame uangalie. Haya, tuanze.

Habari fundi, mi niko Mwanza, nasoma chuo mwaka wa pili. Nataka suti nzima ya Master Chief ila hela yangu ya mawazo, sina printa, sina programu yoyote, na wenzangu wananiambia bila kuagiza vitu nje haiwezekani. Nianzie wapi?

Mdogo wangu, wenzako hawajui. Suti nyingi unazoziona kwenye picha zimetengenezwa kwa foamu ya EVA, na EVA ndiyo hiyohiyo iliyoko kwenye soli za raba nyingi, kwenye ndala, na kwenye ile mikeka ya rangi rangi ya watoto kuchezea inayoshikana kwa meno pembeni. Kwa hiyo nenda kwa wanaouzia mafundi viatu vifaa, ulizia foamu ya shiti, chukua ya milimita 10 kwa vipande vikubwa vya kifua na mapaja na ya milimita 5 au chini ya hapo kwa mistari na urembo wa juu. Ukikosa, mikeka ya watoto inafanya kazi vizuri tu, ule upande wenye vimistari ugeuzie ndani.

Lakini usinunue hata kipande kabla hujapima mwili wako, hapa naomba unisikilize vizuri maana suti nyingi zinakufa hapa. Watu wanaanza na picha ya gemu, wanachora kile wanachokiona, wanakata, wanagundisha, siku ya kuvaa mkono hauingii au goti halikunji. Anza na mwili. Chukua futi ya kamba ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua, kiuno, paja, ndama ya mguu, mkono juu ya kiwiko na chini ya kiwiko, kisha pima na urefu kutoka kiungo mpaka kiungo, yaani kiwiko mpaka kifundo cha mkono, chini ya goti mpaka kifundo cha mguu. Pima umekaa na pima umesimama, maana paja la mtu aliyekaa linanenepa na huyo mtu aliyekaa naye anataka kuvaa suti.

Kuhusu printa usijali. Vaa fulana ya zamani usiyoihitaji tena, zungushia mwili ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, juu yake bandika selotepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi mpaka pote pawe pamefunikwa, usikaze sana uweze kupumua. Kisha chora kwa kalamu juu yake mistari ya suti, kifua kinaishia wapi, bega linaanzia wapi. Rafiki yako akukate taratibu kwa mkasi kufuata mistari, makali ayaelekeze nje. Ukizilaza zile plastiki mezani unapata patani ya mwili wako mwenyewe, sio ya mtu wa Marekani aliyechora kwa vipimo vyake. Ongeza sentimita moja au mbili kuzunguka kwa ajili ya unene wa foamu na nguo ya ndani, halafu kata kwanza kwa boksi, yale maboksi ya dukani yanayotupwa, unga kwa selotepu, uvae, kaa chini, inuka, nyoosha mikono juu. Boksi likikubana unarekebisha bure.

Na anza na kikinga mkono cha chini ya kiwiko, usianze na helmeti hata kama roho inakutuma huko. Mkono ni bomba tu, unakufundisha kukata, kupinda na kugundisha kwa gharama ndogo, na ukishamaliza miwili ikafanana basi miguu utaiweza, kifua utakiweza, helmeti iwe ya mwisho.

Niaje fundi, niko Nairobi. Nilishusha faili ya Pepakura ya helmeti na ya miguu, nikaprinti zote kwa saizi ile ile niliyoikuta. Miguu imefika karibu na kiuno na helmeti inacheza kichwani. Shida iko wapi?

Kaka, faili iko sawa. Master Chief akiwa ndani ya suti ana zaidi ya mita 2, na mafaili mengi yametolewa kwenye maumbo ya gemu yenyewe, kwa hiyo ukiprinti bila kubadilisha kitu unapata suti ya jitu lile. Pepakura ni programu ya Kijapani ya kukunjua umbo la kompyuta liwe karatasi bapa za kukata na kuunga, na ndani yake kuna sehemu ya kubadilisha ukubwa. Ila usichukue urefu wako ukagawanya kwa urefu wa Master Chief ukapunguza vyote kwa asilimia hiyo moja, hapo utaharibu upya, maana kichwa chako na mguu wako havitofautiani na vyake kwa kiwango kimoja. Kila kipande kina hesabu yake. Tuseme mguu wa kwenye faili una sentimita 48 na wako kutoka chini ya goti mpaka kifundo ni 38, gawanya 38 kwa 48 unapata kama asilimia 79, hiyo ndiyo ya mguu na mguu tu, halafu angalia kama ndama yako itapita kwenye upana uliobaki.

Helmeti pima upana wa kichwa kwenye masikio na pima kutoka ncha ya pua mpaka kisogoni, kisha ongeza unene wa foamu pande zote mbili na sponji ya ndani. Sehemu inayowaangusha watu ni shimo la shingoni, kichwa kinakaa vizuri ila hakipiti kuingia. Kama hakipiti usipanue helmeti nzima, ikate nyuma ifunguke kwa mlango unaoshikwa na sumaku ndogo.

Mimi ni dada niko Tanga, ninatengeneza kikinga kifua cha foamu. Viungo vinaachia kila nikivaa, na rangi ya kupuliza niliyopaka imepasuka mistari mistari.

Dada yangu, hayo ni mambo mawili tofauti ila yote yana dawa. Viungo kwanza. Gundi ya fundi viatu haifanyi kazi kama gundi ya karatasi, hii unapaka pande zote mbili, unaacha wazi mpaka ukigusa kwa kidole hainati tena, mara nyingi dakika 5 mpaka 15 kutegemea hewa ya siku hiyo, ndipo unakutanisha na kukandamiza kwa nguvu. Ukiunga ikiwa mbichi itaachia tu, na ukisubiri vizuri ikishika imeshika, hakuna kusogeza, kwa hiyo weka alama za kalamu kila sentimita chache kwenye kingo zote mbili ujue nini kinakutana na nini. Foamu inanyonya, mkupuo wa kwanza ukipotelea ndani paka wa pili. Na angalia kisu chako, kikiwa butu kinachana kingo zinabaki na meno, kinoe mara kwa mara au badilisha wembe mapema, kingo safi ndizo zinazoshika. Ile gundi ya moto ya vijiti mi siishauri kwa viungo vya kifua huko pwani kwenye joto, ikiachwa kwenye gari juani inalainika.

Rangi sasa. Foamu ina vitundu vidogo na inanyumbuka, rangi ya kopo hainyumbuki kiasi hicho. Kabla ya rangi piga foamu yote hewa ya moto kwa kile kifaa wanachotumia mafundi wa tinti za magari, pitisha haraka bila kusimama sehemu moja, utaona uso unaanza kung'aa kidogo, hapo vitundu vimefunga. Hatua hiyohiyo ndiyo ya kupindia umbo, unapasha pande zote mbili, unakunja juu ya goti au sufuria, unashikilia mpaka ipoe. Kisha paka gundi nyeupe ya mbao, mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na maji, inayofuata punguza maji, kila mkono ukauke kabisa kabla ya mwingine. Sehemu zinazokunja sana kama ubavuni usijaze gundi ya mbao maana nayo inapasuka, tumia rangi ya mpira ya kupuliza ukiipata. Mianya kwenye viungo jaza kwa puti ya akriliki ya madirisha, usitumie silikoni ya kawaida kwa sababu rangi haishiki juu ya silikoni.

Halafu usiishie kwenye kijani kilichotulia. Paka nyeusi kwanza, kijani cha jeshi juu yake, kisha chovya brashi kavu kwenye rangi ya fedha, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki kidogo sana, pitisha kwenye kona tu. Hapo ndipo foamu inageuka chuma, mi sijawahi kuchoka kuangalia hicho kitu kikitokea.

Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mzazi, Morogoro. Kijana wangu wa kidato cha tatu anajifungia chumbani na gundi na rangi za hiyo michezo, harufu imejaa nyumba nzima na juzi alilalamika kichwa kinamuuma. Nimkataze?

Shikamoo mama. Usimkataze kazi, mkataze chumba. Gundi ya viatu nyingi zina vimiminika kama toluini, mvuke wake ndio uliompa kichwa, na ukivutwa sana unaleta kizunguzungu na kichefuchefu na kuumiza mwili kwa muda mrefu. Kufungua dirisha hakutoshi, afanyie nje kabisa, uani penye upepo, mbali na wadogo zake na mbali na mama mjamzito kama yupo. Mvuke huo ni mzito unatambaa chini na unashika moto, kwa hiyo pasiwe na jiko la mkaa, gesi, mshumaa wala sigara karibu. Vipande vilivyogundishwa vilale nje ya chumba anacholala yeye.

Barakoa za kitambaa na zile za hospitali hazizuii mvuke hata kidogo, zisimdanganye. Inayozuia ni ile ya raba yenye vichujio vya mkaa pembeni vya kuzuia mvuke wa kemikali. Akipiga msasa foamu, hapo barakoa nzuri ya vumbi inatosha. Na ukimsikia anazungumzia rezini na faiba, ile wanayotumia watengeneza boti, mwambie asubiri kwanza awe na mtu mzima anayeijua, maana ile rezini ina mvuke mkali na dawa yake ya kugandisha ikiruka jichoni inaweza kumpofusha. Suti nzima inawezekana bila hiyo. Akipata tena kizunguzungu au kichwa akae nje kwenye hewa na aache kazi siku hiyo, asipopata nafuu haraka au akianza kuchanganyikiwa mpeleke hospitali.

Kioo cha dhahabu cha helmeti natoa wapi? Msomaji, Kigoma.

Kwa wauza vipuri vya bodaboda. Vioo vya helmeti za pikipiki vya kung'aa dhahabu vipo, na mafeni wa Halo duniani kote wanavitumia. Bandika selotepu pande zote mbili kabla ya kukata kwa msumeno wa meno madogo kisipasuke. Kiweke mwisho kabisa rangi ikishakauka, kifunge kwa skrubu ndogo au velkro, maana mvuke wa gundi na rangi unafanya kioo cha namna hiyo kiwe na ukungu na nyufa. Na usipande pikipiki na helmeti ya foamu.

Salamu kutoka Muscat. Rafiki yangu ana printa ya 3D, ananiambia niachane na foamu tuprinti suti yote. Na je, huku kwenye joto mtu anawezaje kukaa ndani ya hiyo kitu?

Ndugu yangu, helmeti printini kwa raha zenu, inatoka na kona safi ambazo foamu inazitafuta kwa shida. Mwili mzima mi ningebaki na foamu. Plastiki ya PLA ambayo wengi wanaprintia inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani huko kwenu linafika huko bila kazi, utakuta bega limepinda. Tena kuprinti suti nzima na kuipiga msasa ni miezi, na ukianguka ukumbini inavunjika, foamu inadunda.

Joto lipangie tangu mwanzo. Ndani ya helmeti weka feni mbili ndogo za kompyuta za volti 5, moja ivute hewa kutokea mdomoni na nyingine itoe nyuma, zote kwenye pawabenki iliyofichwa mgongoni, hapo hata kioo hakiweki ukungu. Ndani vaa nguo nyeusi nyepesi inayokausha jasho. Kifua kining'inie mabegani na mapaja yaning'inie kwenye mkanda kwa kamba na vifungo vya begi, kusiwe na kipande kinachobana ngozi, na kile cha mbele ya nyonga kitoke kwa mkono mmoja uweze kwenda chooni bila kuvua suti yote. Tembea na mtu asiyevaa suti, akushikie maji, akuongoze kwenye ngazi kwa sababu miguu yako huioni, na akuvulishe helmeti kila baada ya nusu saa hata kama unasema uko sawa. Ukirudi futa ndani kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha anika vipande kivulini penye upepo.