Noah iliyozimika kwenye maji ya Bwaise: kabla hujaziba kompyuta kwa silikoni

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: Toyota Noah yako ilipita mafuriko Bwaise, mtaa wa bondeni hapa Kampala, ikazima, ilipokauka ikawaka, na sasa kila asubuhi yenye unyevu inamisi, yaani injini inakatakata, mpaka ipate moto. Fundi amekushauri muifungue kompyuta ya injini, lile sanduku linaloongoza umeme na mafuta ya injini, na kuipaka silikoni pande zote isipitishe hata hewa. Nakuomba usikubali. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Kampala, na masanduku yaliyozibwa namna hiyo nayafungua kila msimu wa mvua. Ndani nakuta matone ya maji na pini zilizoota kutu ya kijani.

Sanduku likipata joto, hewa iliyomo hutanuka na kutafuta tundu la kutokea. Mvua ikilipoza, hewa hunywea na kuvuta unyevu kupitia tundu lile lile, hata likiwa dogo kama la sindano. Unyevu ukishaingia hauna pa kutokea. Ndiyo maana kompyuta nyingi zinazokaa chini ya boneti huwekewa kiwambo kidogo kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Tena silikoni ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba. Ikibidi kuziba mahali, tafuta aina isiyo na harufu hiyo.

Katika Toyota nyingi kompyuta ya injini iko ndani, nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Inua zulia la upande huo ulishike kwa mkono. Likiwa bichi, kagua mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Gari linalolala chini ya mwembe hujaza majani pale, maji yanakosa njia na kuingia ndani. Kioo kilichobadilishwa bila gundi ya kutosha huvuja vivyo hivyo. Maji ya namna hii usipoyazuia huko yanakotoka, kazi yote ya kusafisha soketi nitakayoieleza itakuwa bure.

Sasa hilo la kumisi asubuhi. Maji ya mafuriko ya Bwaise si ya mvua tupu; yamebeba sabuni, chumvi na uchafu wa mitaro. Yakikauka, yanaacha utando kwenye pini, na utando huo unanyonya unyevu wa usiku na kuvujisha umeme kutoka pini moja hadi nyingine. Kwa dalili ulizotaja, hapo ndipo ningeanzia. Toa waya wa hasi wa betri, fungua soketi za koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi), za sensa (vipimaji vya injini) na za kompyuta yenyewe, zisafishe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na brashi laini, kisha uziache zikauke kabisa.

Kabla ya kurudisha, angalia vipira. Soketi nzuri ina mpira mdomoni na kipira kidogo kwa kila waya. Kilichopasuka badilisha; kwenye soko la vipuri la Kisekka utapata soketi nzima iliyokatwa pamoja na waya zake. Vipira vipake grisi ya silikoni kidogo tu. Soketi ya sensa ya oksijeni usiipake chochote, kwa sababu sensa nyingi za aina hiyo huvuta hewa kupitia waya zake.

Jambo linaloniuma zaidi ni mafundi wanaotoboa waya kwa ncha ya taa ya kupimia. Tundu lile halionekani, lakini maji huingia na kutambaa ndani ya ganda, katikati ya nyuzi za shaba, hadi kwenye kompyuta, hata soketi yenyewe ikiwa nzima. Ukikuta waya umetobolewa, kata kipande kibovu, unga upya, na uvalishe mrija unaonywea kwa moto wenye gundi ndani. Utepe mweusi peke yake usiutegemee. Gundi yake ikiachia, utepe huo unayashika maji humo humo.

Waya zilaze zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili matone yadondoke hapo chini. Alteneta, ile inayochaji betri, usiizibe, inahitaji hewa ya kuipoza. Na vijana wa kuosha magari wasielekeze mashine ya presha kwenye injini. Kifaa chenye alama ya IP67, kiwango cha kuzuia vumbi na maji, kimepimwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, na kipimo hicho hakihusu maji yanayopigwa kwa nguvu.

Anza na soketi za koili, kisha weka hapa picha za pini kabla hujazisafisha. Rangi ya kutu itatuonyesha maji yalifika wapi, na kama kuna haja ya kuigusa kompyuta.