Kabla hujatia hariri majini

Tone lililoharibu kitambaa changu cha hariri lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Nilikuwa nanawa uso, likaruka, nikalifuta upesi. Lilipokauka likaacha duara lenye ukingo uliokolea, na kadiri nilivyolisugua kwa pamba yenye maji ndivyo lilivyotanuka. Niliumia sana, maana kitambaa kile nilipewa na mama.

Nilikuwa nikiamini kwamba hariri hukataa maji. Aliyenidanganya ni kifukofuko, ile nyumba anayojisokotea kiwavi wa hariri. Kiweke kwenye beseni, kitaelea. Kizamishe kwa kidole, kitaibuka. Dondosha tone juu yake, litakaa mviringo kama shanga. Nimelitazama kwa lenzi, limekalia ncha za nyuzi tu, na katikati ya nyuzi mna hewa. Kiwavi hutoa nyuzi mbili za fibroini, yaani protini ya hariri yenyewe, kwa pamoja na kuzivika gundi iitwayo serisini, tabaka juu ya tabaka, hadi maji ya baridi yanakosa pa kupenya. Sasa kichemshe na magadi kidogo. Gundi inayeyuka, hewa inatoka, maji yanaingia. Inayobaki ni fibroini, na hiyo ndiyo nguo yako. Haiyeyuki majini, lakini maji inayanywa: hata ikiwa kabatini, katika hewa yenye unyevu wa wastani, hubeba maji yapatayo asilimia 11 ya uzito wake, nawe ukiishika waiona kavu.

(Hariri zote hazifanani, na jambo hili hunifurahisha kila nikilifikiria. Wapo wadudu wadogo wanaofuma kwa miguu ya mbele, na shuka lao jembamba huwakinga na mvua. Wengine, wakiwa bado viluwiluwi mtoni, hugandisha vijiwe kwa hariri wakiwa ndani ya maji yenyewe.)

Kwa kuwa nguo ya hariri huyanywa maji, tone moja huacha alama: maji husukuma rangi na mabaki ya dawa za kiwandani hadi ukingoni, yakikauka yanayaacha hapo. Usilisugue. Jaribu kwanza rangi kwenye upindo wa ndani kwa pamba nyeupe yenye maji. Isipotoka, lowesha nguo yote kwa mara moja. Hivyo ndivyo nilivyokiokoa kitambaa cha mama, na duara lilitoweka.

Tumia maji ya baridi au vuguvugu na sabuni isiyo kali. Magadi yaliyoyeyusha gundi hudhoofisha uzi pia, na dawa ya klorini huula kabisa. Hariri ikilowa hupungua nguvu, basi usiikamue kwa kuisokota: ikunje ndani ya taulo, ibonyeze, kisha ianike kivulini.

Piga pasi ya moto mdogo upande wa ndani, nguo ikiwa bado na unyevu kidogo. Ikiwa imeshakauka, usiinyunyizie maji. Iloweshe yote upya, hata kama una haraka.