Kibali cha mchumba kinakwisha? Anzeni na kalenda

Swali la wiki hii ni hili: mchumba ni raia wa nje, kibali chake cha kazi hapa Tanzania kinaelekea ukingoni, je, wahusika wawahi kufunga ndoa kabla hakijaisha? Jibu langu kutoka Mbeya ni kwamba kama mlishakubaliana kuoana, wahini, ila msitegemee ndoa iokoe kibali. Cheti cha ndoa hakiongezi hata siku moja kwenye kibali cha ukaazi. Haya ni mafaili mawili: moja liko bomani au kanisani, jingine liko Uhamiaji, na kila moja lina mwendo wake. Wanaokwama mara nyingi ni wale waliohangaikia la kwanza wakidhani la pili litajimaliza lenyewe.

Kwanza jueni tarehe ya kweli. Mgeni aliyeajiriwa ana karatasi mbili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Tarehe zake zikipishana, hesabuni kwa ile ya mapema. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: daraja B hutolewa kwa kazi fulani kwa mwajiri fulani. Mkataba wa shamba la chai Mufindi au wa hospitali ya misheni ukivunjika Machi, kibali kilichoandikwa Septemba hakimbebi mtu mpaka Septemba. Kwa hiyo usimuulize mchumba kibali kinaisha lini tu. Muulize pia kama mwajiri anahuisha na kama ameshapeleka maombi. Kama anahuisha, hiyo ndiyo njia salama kuliko zote, na harusi mtaipanga bila presha.

Sasa upande wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 au zaidi kabla ya siku ya kufunga. Bomani mnaipeleka kwa msajili wa wilaya. Kanisani au msikitini mnaipeleka kwa kiongozi wa dini mwenye leseni ya kufungisha ndoa. Taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na pingamizi likiwekwa, ndoa inasimama hadi lisikilizwe. Siku 21 zihesabiwe tangu taarifa ilipopokelewa, si tangu mlipochukua fomu. Fomu iliyokaa kwenye begi wiki nzima kwa sababu picha hazijapigwa imekula wiki nzima ya kibali.

Msajili Mkuu, kwa maana ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, anaweza kutoa leseni maalumu ya kuwaondolea sharti la taarifa. Ni hiari yake, na anataka sababu ya msingi. Ombeni mkiwa na ushahidi wa sababu hiyo mkononi, lakini msikate tiketi za wageni mkiitegemea.

Hata hivyo, siku 21 si tatizo kubwa. Kinachochelewesha kuliko vyote ni karatasi ya kuthibitisha kwamba mgeni hana ndoa nyingine. Kila nchi ina utaratibu wake. Mjerumani huipata kwenye ofisi ya usajili ya kwao, inaitwa Ehefähigkeitszeugnis, na ina uhai wa miezi 6 tu, kwa hiyo ukiiomba mapema mno nayo inakufa. Marekani serikali haitoi cheti cha namna hiyo. Mmarekani hula kiapo cha maandishi, na ubalozi wao una huduma ya kushuhudia viapo. Aliyeachika aje na hukumu ya mwisho ya mahakama, na mjane aje na cheti cha kifo. Kilichoandikwa kwa lugha isiyo Kiswahili wala Kiingereza kitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika. Balozi ziko Dar es Salaam, na kutoka Mbeya ni kilomita zaidi ya 800 kwa barabara, kwa hiyo pangeni miadi ya ubalozi kabla ya kupanda basi. Kwa hesabu yangu, mwenye wiki nane anaweza kufika bila kukimbizana. Mwenye wiki nne ambaye karatasi hii haijaombwa, bora apange njia ya pili ambayo nitaieleza mwishoni.

Simameni hapo kwenye dawati la msajili na mkague majina herufi kwa herufi, pasipoti ikiwa wazi mbele yenu. Anna-Lena akiandikwa Analena, cheti cha ndoa hakitalingana na pasipoti, na kila ofisi mtakayokwenda baadaye itawarudisha nyuma kwa kiapo cha kurekebisha jina. Tarehe za kuzaliwa nazo zina mtego: Mmarekani anayeandika 04/07 anamaanisha Aprili 7, karani wetu anasoma Julai 4. Andikeni mwezi kwa maneno. Jazeni pia kwa makini kama ndoa ni ya mke mmoja au ya wake wengi, kwa sababu ndoa ya Kiislamu au ya kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi isipothibitishwa vinginevyo, na nchi nyingi za Ulaya zinajali sana jambo hilo.

Mashahidi wawili wanatosha. Mahari ni heshima ya familia na iheshimiwe, ila sheria haibatilishi ndoa kwa sababu ya mahari isiyolipwa, na wala ng'ombe waliokwisha kupelekwa Rungwe hawatoi cheti. Vivyo hivyo, kuishi pamoja miaka 2 ni dhana tu ya kuwa mmeoana, ambayo mahakama inaweza kuikubali au kuikataa.

Wakatoliki waongeze muda: paroko ataomba cheti cha ubatizo kilichotolewa ndani ya miezi 6, na parokia ya ubatizo ikiwa ughaibuni, barua huchelewa. Mwenzi asiyebatizwa anahitaji ruhusa ya askofu. Wengine hufunga bomani kwanza, kisha hubariki kanisani. Ongeeni na paroko au mchungaji kabla, si baada, maana makanisa mengi huku kwetu huihesabu ndoa ya bomani kuwa jambo la nidhamu.

Ndoa ikishafungwa, faili la Uhamiaji linaanza upya. Mke mgeni wa Mtanzania anaweza kuomba hati ya mtegemezi, yaani ya kukaa nchini kwa kumtegemea mumewe, lakini hati hiyo haimruhusu kufanya kazi. Akitaka kuendelea kufundisha au kuuguza, bado anahitaji kibali cha kazi. Uraia ni suala jingine kabisa: Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mke mgeni wa raia haki ya kuuomba kwa njia ya ndoa, lakini mume mgeni wa Mtanzania hana njia hiyo. Huu ni ubaguzi unaoumiza familia nyingi, na dada zetu wanapaswa kuujua kabla ya kupanga maisha, kwa sababu mume wa aina hiyo atategemea zaidi kibali chake mwenyewe.

Njia ya pili ni kutoka nchini kwa wakati. Mtaani mtaambiwa mgeni avuke mpaka wa Tunduma au Kasumulu, agongewe muhuri, arudi jioni hiyohiyo. Afisa wa mpakani ana mamlaka ya kumkatalia, na viza ya matembezi haimruhusu kurudi kazini hata kwa kujitolea. Akiondoka kwa utaratibu kabla kibali hakijaisha, akakusanya karatasi zake kwao, akarudi kwa viza halali, ndoa inafungwa vizuri tu. Akizidisha siku, ni kosa la jinai, na rekodi hiyo itakuwa ndani ya faili siku atakapoomba hati ya mtegemezi.