Skrubu ya magnesiamu mfupani: gesi yake huenda wapi?

Ndugu muulizaji, umeuliza kama skrubu ya magnesiamu inayounga mfupa uliovunjika huisha yenyewe mwilini, na gesi yake huenda wapi. Huisha kweli, na gesi unayoihofia ni haidrojeni, ambayo hutokea metali hiyo inapoliwa na majimaji ya mwili. Hatari haimo katika gesi yenyewe bali katika kasi yake: ikizalishwa polepole hufyonzwa na tishu na kuchukuliwa na damu, lakini ikizidi hujikusanya chini ya ngozi na kuleta uvimbe. Hilo lilitokea katika kazi ya daktari wa Ubelgiji, Albin Lambotte, ambaye mwaka 1907 aliunga mguu wa mgonjwa uliovunjika kwa bamba la magnesiamu safi na misumari ya chuma iliyopakwa dhahabu. Bamba likasambaratika ndani ya siku 8 tu, kwa kuwa metali mbili tofauti zikigusana katika majimaji yenye chumvi, ile isiyostahimili kutu, hapa magnesiamu, huliwa upesi zaidi. Aloi za leo, yaani magnesiamu iliyochanganywa na metali nyingine, huliwa taratibu, na skrubu za namna hiyo ziliidhinishwa Ulaya mwaka 2013. Kwa maoni yangu zinafaa mifupa midogo, kama ya kidole gumba cha mguu. Kwa mfupa wa paja, unaobeba uzito mkubwa wa mwili, metali ya titaniamu bado ndiyo ya kutegemewa.