Land Rover Isiyotoa Cheche: Kwa Fundi Anayeanza

Injini ya petroli ya Land Rover Series III, ile ya lita 2.25 yenye silinda nne, imetoka kiwandani kati ya 1971 na 1985 na haina kompyuta ya kukuonyesha palipoharibika. Kila kinachohitajika ili plagi itoe cheche huonekana kwa macho, au hupimika kwa taa ya volti 12 na multimita ya bei ndogo. Hata hivyo magari haya huletwa gereji yakiwa yamekwisha kubadilishwa plagi, koili (inayokuza volti za cheche), pointi (zinazounga na kukata umeme wa koili) na kondensa (inayozilinda pointi zisiungue) kwa siku moja, na bado hayawaki. Na fundi aliyebadilisha vyote hivyo hawezi tena kujua kama ubovu uliobaki ni ule wa mwanzo au umeletwa na spea mpya. Nami nilianza hivyo hivyo.

Nikiwa bado mwanagenzi, nilikabidhiwa Land Rover iliyokuwa ikizimika kila ilipopanda mlima wa Kitonga, ikapoa nusu saa, kisha ikawaka kana kwamba haijawahi kuugua. Nilisafisha kabureta na kubadilisha pampu ya mafuta, kwa kuwa kila niliyemwuliza alisema petroli inachemka ndani ya bomba. Petroli iliyogeuka mvuke na koili iliyozidiwa na joto hutoa dalili zinazofanana sana, na njia ya kuzitenganisha ni kupima pale pale gari linapozimika, kabla halijapoa. Safari ya tatu nilifungua boneti papo hapo: cheche ilikuwa nyembamba na nyekundu, na koili ilikuwa ya moto kiasi kwamba haishikiki. Ilipopoa niliipima nikapata omu 1.5, ilhali gari lisilo na rezista kwenye njia ya koili linahitaji koili ya karibu omu 3. Kwa sura koili za aina hizo mbili zinafanana kabisa. Volti 12 zikigawanywa kwa 1.5 ni ampea 8, yaani mara mbili ya umeme uliokusudiwa kupita pale, na kwa sababu hiyo hata pointi zilikuwa zinaungua. Koili hiyo niliifunga mimi mwenyewe, bila kuipima.

Tangu siku hiyo naufuata umeme kuanzia unakotoka, hatua kwa hatua, wala sibadilishi kitu kabla ya kipimo kunielekeza. Washa swichi, unganisha waya mmoja wa taa na athi, yaani chuma cha gari, na mwingine na terminali ya koili inayopokea umeme kutoka kwenye swichi; isipowaka, tafuta nyuma, kwenye swichi, nyaya na betri, na usiguse distributa, kile chombo kinachobeba pointi na kugawa cheche kwa plagi. Ikiwaka, hamishia taa kwenye terminali ya pili, ile inayokwenda kwenye distributa, kisha mwenzako azungushe injini polepole kwa hendeli, gia ikiwa huru, na waya mnene wa katikati ya koili ukiwa umechomolewa na kuunganishwa na athi ili injini isije ikawaka na kumvunja mkono. Taa inatakiwa iwake pointi zinapoachana na izimike zinapogusana. Ikibaki inawaka muda wote, pointi hazipitishi umeme: ni chafu, zina mafuta, au hazifungi. Ikibaki imezimika, ama koili imekatika ndani, ama kuna mahali umeme unavujia athi, na mara nyingi ni kondensa au kipande cha plastiki kilichosahaulika wakati wa kufunga pointi.

Ndani ya distributa kuna waya mfupi laini ambao umenisumbua kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Kila unapokanyaga mafuta, kifaa cha vakyumu huvuta bamba linalobeba pointi, na waya huo hujikunja pamoja nalo. Baada ya miaka mingi nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likibaki zima. Matokeo yake ni gari linalonguruma vizuri likiwa limesimama, lakini hukatakata linapoongezwa mafuta, na watu wote hukimbilia kabureta. Uvute taratibu kwa vidole: ukirefuka kama mpira, umekatika. Waya wa athi wa bamba hilo nao hupata ugonjwa huo huo.

Umeme wa koili ukiwa sawa na cheche ya waya mnene ikiwa ya buluu na yenye mlio, lakini plagi hazipati kitu, chunguza rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa na kupeleka umeme kwa kila plagi kwa zamu. Rota nyingi mpya zina ribiti ya chuma katikati, na umeme hupenya hapo ukaishia kwenye shafti. Iache rota mahali pake, sogeza ncha ya waya wa koili karibu na bati lake la juu kwa koleo lenye mpira, kisha achanisha pointi kwa bisibisi. Cheche ikiruka, rota inavuja. Itupe hata kama imenunuliwa jana.

Pointi zipangwe kwa geji, milimita 0.35 hadi 0.40, mguu wake ukiwa juu kabisa ya nundu ya shafti, nazo zifutwe kwanza kwa petroli kwa sababu mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Fanya hivyo kabla ya taimingi, yaani kupanga wakati wa cheche kuruka: ukipanua nafasi, pointi huachana mapema zaidi na taimingi yote inasogea, kwa hiyo atakayeanza na taimingi atairudia kazi. Plagi ziwe na nafasi ya milimita 0.75 hadi 0.80, na nyaya zake zifuate mpangilio wa 1-3-4-2 kwa upande ambao rota inazunguka.

Wakati wa masika, fungua kifuniko cha distributa ukikaushe, kisha ukitazame kwenye mwanga: mistari myeusi kama ya penseli kati ya terminali moja na nyingine ni njia ya umeme unaovuja, na kuifuta hakutoshi. Katika sanduku langu la safari nabeba kifuniko, rota, pointi na kondensa vilivyokwisha kutumika, ambavyo niliviondoa kwenye gari likiwa linatembea vizuri. Vipya nimeviacha gereji.