Kabla hujakodi Coaster kwenda kaburini, soma hapa

Mleta uzi, ahirisha hiyo safari ya Desemba. Salamu tutapeana baadaye.

Umesema ulimlipa mtu akakutafutia ubatizo wa babu yako kwenye vitabu vya misheni, akakuletea karatasi iliyochapwa vizuri: "baba: Dominicus, 8bris 1921". Sasa ukoo unachangishana kwenda kuzuru kijiji cha huyo Dominicus, na wewe unauliza kuhusu Nyaraka za Taifa, vipimo vya DNA vya nje, parokia inatoza nini, na kama mwezi wa nane 1921 unalingana na habari za wazee. Mimi nilipofika kwenye "Dominicus" tumbo likanikata, maana kwetu "baba" wa karatasi kama hiyo aliitwa Franciscus.

Kwanza 8bris si mwezi wa nane. Ni Oktoba. Mapadre walifupisha kwa kufuata Kilatini: septem saba, octo nane, novem tisa, decem kumi, majina ya tangu enzi Warumi walipoanza kuhesabu mwaka kwa Machi. Kwa hiyo 7bris ni Septemba, 9bris ni Novemba, na Desemba utaikuta imeandikwa 10bris au Xbris. Kama jamaa yako hakukwambia hata hilo, basi kaa kitako.

Sisi tulikuwa tunamtafuta baba yake babu Aloisi. Habari za nyumbani ni fupi: mzee alikuwa Uluguru, Agosti 1916 Waingereza wakaingia Morogoro, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini wakikokota wapagazi, naye akabebeshwa mzigo na hakuonekana tena. Jina lake hakuna aliyekuwa na uhakika nalo. Aloisi alikuwa na miaka mitatu tu.

Nikampata mtaalamu. Mtaalamu kwa maana ya kwamba aliwahi kuonja seminari miaka miwili na akatoka na miwani. Akaenda misheni ya zamani ya mapadre wa Roho Mtakatifu, wale walioanzia Bagamoyo mwaka 1868, akarudi na karatasi yenye mistari minne: Aloysius, Pasaka 1913, kijiji fulani, baba Franciscus. Laki tatu na nusu, nauli mbali. Nililia, sioni aibu kusema. Nikaipiga picha nikairusha kwenye kundi la ukoo, na ndani ya saa moja mjomba mmoja ameshakuwa mwenyekiti wa kamati.

Shangazi yetu mkubwa, binti wa Aloisi, alisikia jina akasema, "Fransisko? Si yule mwalimu wa dini aliyekuwa anatufinya masikio kwa katekisimu?" Tukamwambia shangazi umri umekwenda, pumzika. Akapumzika.

Tukakodi Coaster, watu 26, mbuzi wawili, mchele kilo mia. Kijijini tukaonyeshwa kaburi la Fransisko. Hebu nisaidieni: mtu aliyepotea vitani ana kaburi nyuma ya kanisa? Hakuna aliyeuliza! Tulisema "kumbe alirudi!" tukapiga vigelegele. Wenyeji walitupokea kwa furaha, na kwa nini wasifurahi, ndugu wametoka Dar na mchele. Tukalijengea kaburi kwa saruji na marumaru za bluu. Yote hayo yalikula milioni nne na ushee.

Hela si kitu. Mdogo wangu alikuwa na mchumba, binti wa kule kule milimani, mshenga ameshakwenda mara mbili na nusu ya mahari imetolewa. Kumbe binti ni kitukuu cha Fransisko. Wazee wakakaa, wakasema hii ni damu moja, posa ikavunjwa pale pale. Mahari ikarudishwa kwenye bahasha. Mdogo wangu hakumkaripia mtu, alinyamaza tu, na ukimya ule ulikaa sebuleni kwetu miaka miwili.

Sasa sikia. Mwaka wa tatu nilipita misheni kwa shughuli nyingine kabisa, nikamwomba paroko nikione kitabu kwa macho yangu. Daftari kubwa, ngozi imebanduka kona, wino wa kahawia. Nikaufikia mstari wa Aloisi. Kuna safu ya wazazi, na baada yake kuna safu yenye kichwa "Patrini". Franciscus alikuwa humo. Patrinus ni baba wa ubatizo, ndugu yangu. Msimamizi! Baba mzazi huandikwa pater, au mtoto anatajwa kuwa filius, yaani mwana, wa fulani. Yule wa miwani aliona herufi tatu za mwanzo akamaliza kazi.

Nikatupa jicho ukurasa mzima. Franciscus yumo kwenye mistari tisa. Mtu mmoja azae watoto tisa, kwa mama tisa, wote wabatizwe siku moja ya Pasaka, halafu awe mwalimu wa dini! Mtoto wa darasa la pili angeona. Ila mimi nilikuwa na mistari minne tu iliyochapwa.

Na kile "kijiji fulani" kwenye karatasi yetu? Ndilo lilikuwa jina la baba. Padre aliandika kwa sikio la Kifaransa, kila u ameifanya "ou", kwa hiyo jina la Kiluguru likaonekana kama mahali pasipojulikana. Hata Aloysius mwenyewe humo ni "Aloysium", kwa sababu Kilatini kinabadilisha mkia wa jina kulingana na sentensi. Usidhani ni mtu mwingine.

Kwa hiyo mkuu, UKURASA MZIMA. Usikubali muhtasari, usikubali kuchapiwa, usikubali picha ya mstari mmoja. Unataka vichwa vya safu, majirani wa juu na chini, na pambizo. Pambizo hasa. Amri ya Roma iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908 iliagiza ndoa ya Mkatoliki iandikwe pia kwenye kitabu alichobatiziwa, ndiyo maana pembeni ya Aloisi palikuwa na mwandiko mdogo wenye mwaka na parokia aliyofungia ndoa. Nikaenda huko, jina la baba yake likaonekana tena, safari hii kwa hati safi. Paroko akikataza simu, na wengine wanakataza kwa haki maana mle mna siri za watu, nenda na penseli na karatasi kubwa unakili safu kama zilivyo, hata usizozielewa. Usizozielewa ndizo zenye mambo.

Uliuliza nini tena? Eeh, parokia inatoza nini. Mimi niliacha sadaka na kilo mbili za sukari.

Nilimpigia shangazi kumwomba radhi. Akasema, hata Fransisko angekuwa babu yetu kweli, Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, sasa ile posa mliivunja kwa lipi? Sikuwa na jibu. Binti wa watu alishaolewa Kilosa, ana watoto wawili.

Wale wa kijijini bado hatujapata ujasiri wa kuwaambia. Juzi wametuma ujumbe kwenye kundi: marumaru mbili za kaburi la babu zimepasuka, wanauliza tunachanga lini.