Kwa Nini Fuwele Ndogo ya Metali Ni Ngumu Kupinda?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa bangili za shaba hapa Ngarenaro, Arusha. Waya mpya hupindika kwa urahisi, lakini nikiukunja na kuukunjua mara kadhaa huwa mgumu mpaka niupashe moto. Mwanangu anayesoma fizikia ananiambia kwamba kipande cha metali kisichoonekana kwa macho huwa imara kuliko kipande kikubwa. Je, ni kweli?

JIBU: Mwanao amesema kweli, ndugu fundi, na sababu yake imo katika waya huohuo wako.

Ndani ya shaba atomi zimejipanga kwa matabaka, na mpangilio huo ndio fuwele. Mwaka 1926 mwanafizikia Yakov Frenkel alikokotoa nguvu inayohitajika ili tabaka zima liteleze kwa pamoja juu ya jingine, akapata nguvu iliyo kubwa maelfu ya mara kuliko ile inayotosha kupinda metali safi. Jawabu lilipatikana mwaka 1934, pale G. I. Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kivyake, walipoeleza kwamba fuwele ina kasoro za mstari, mahali ambapo tabaka moja hukatikia katikati ya mengine. Kasoro hiyo husogea hatua kwa hatua, kama jongoo anavyokwenda kwa wimbi la miguu yake, na tabaka huteleza bila kung'oka lote kwa mkupuo.

Unapokunja waya, kasoro huongezeka, hukutana na kukwamishana. Hapo ndipo shaba inapogoma. Moto huzipa atomi nafasi ya kujipanga upya.

Katika fuwele ndogo mambo hugeuka. Mwaka 2004 Michael Uchic na wenzake nchini Marekani walichonga nguzo za nikeli kwa mwale wa ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, nyingine nyembamba kuliko unywele mara nyingi, wakazigandamiza kwa ncha bapa ya almasi. Kadiri nguzo zilivyokuwa nyembamba, ndivyo zilivyohitaji mkazo mkubwa zaidi. Katika nafasi finyu hivyo kasoro ni chache na fupi, na fupi huhitaji msukumo mkubwa ili isogee. Tena ikishasogea hufika usoni mwa nguzo na kutoweka kabla ya kuzaa nyingine. Nguzo hustahimili, hustahimili, kisha hubonyea ghafla na kutulia tena, na ukiitazama kwa hadubini ya elektroni utaona vingazi vyembamba ubavuni mwake, pale matabaka yalipoteleza. Kwa sababu hiyo mhandisi anayebuni springi ya ukubwa huo hawezi kutumia vipimo vya nondo. Hana budi kuipima metali katika udogo uleule.